Mkataba wa Mgodi na Ng'ombe wa Mitundu

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, ila sijui namna nyingine ya kuanza kuongea na wewe.

Mkataba wa mgodi umesainiwa upya wiki iliyopita, na lambo la kijiji limebaki. Leo asubuhi Mama amenipigia simu, nyuma yake nasikia ng'ombe wakienda kunywa. Ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Habari hii ilikuwa yako kwanza.

Ulipokuwa unaumwa nilikuambia tu kwamba wizara imeniweka kwenye timu ya kujadiliana na mwekezaji. Sikukuambia nilivyoogopa. Mkataba wa zamani ulikuwa na kifungu kinachosema masharti hayaguswi mpaka mgodi ufungwe. Wenzangu wengine walitaka tuuvunje tu, serikali si ni serikali. Wengine wakasema tukiuvunja tutashtakiwa nje ya nchi na tutalipa mpaka tukome. Na kampuni ilikuwa imeshaanza kupanga shimo la pili, upande wa lambo.

Kikao cha kwanza, Baba, nilikiharibu mwenyewe. Mwanasheria wa kampuni ni Mtanzania, mzee wa rika lako, mvi kichwa kizima. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa upole kabisa. Basi, nikafungwa mdomo. Kila nilipotaka kumpinga niliona kama nakujibu wewe mbele za watu. Asubuhi nzima mwanao uliyemsomesha sheria alikuwa anaitikia kwa kichwa kama bibi harusi! Bosi wangu akaniuliza kama naumwa.

Nilirudi nyumbani na aibu yangu, nikakumbuka safari yetu ya Mitundu. Nilikuwa darasa la sita uliponichukua kwenda kwa Mzee Jumanne, uliyemwachia ng'ombe wako awafuge: maziwa yake, ndama wako. Ukame ulikuwa umebana, ukataka mpange upya makubaliano. Alikuwa mkubwa kwako. Ulimwamkia umeinama, ukapokea uji kwa mikono miwili, nikajua tumeshashindwa. Ukamaliza uji, ukasema, "Kaka, kabla hatujazungumza, naomba nikawaone ng'ombe." Zizini tukakuta ndama wawili ambao hakuwahi kukutajia. Hukufoka, wala hukumnyang'anya kitu. Mlirudi mkakaa, naye akacheka kwa aibu, mkapanga upya. Njiani ukaniambia, "Heshima nimempa. Lakini macho nayo nilikuja nayo."

Nikaomba kikao cha pili kianzie mgodini. Wenzangu walinung'unika, jua lile na vumbi lile. Tulipofika tukakuta vigingi vya shimo la pili vimeshapigwa mpaka karibu na ukingo wa lambo. Mkataba unataja shimo moja tu. Nilimwita yule mwanasheria "baba", nikamwuliza kwa adabu zote shimo hili limeandikwa wapi. Alivitazama vile vigingi, akasema, "Halijaandikwa, mwanangu." Nilimheshimu zaidi kwa kutotunga jibu. Ili wachimbe pale walihitaji ridhaa ya serikali, nasi tukasema ridhaa haitoki huku masharti ya zamani yakiwa hayaguswi. Ndipo wakakubali kukaa upya, bila kesi. Shimo litaishia mbali na lambo, na masharti yatapitiwa kila baada ya miaka mitano.

Ofisini wamenipongeza mimi. Nimewashukuru, kisha nikaenda chooni kulia, maana pongezi zile hazikuwa zangu. Asante, Baba. Asante kwa kunichukua safari ile, mimi mtoto wa kike, wakati jirani zako wanakuuliza huyu anakwenda kufanya nini.

Lakini hatukupata yote. Familia zilizohamishwa kupisha shimo la kwanza hazitarudi kwenye maeneo yao. Tulilidai hilo vikao vitatu, mwisho tukaliachia ili tupate mengine. Nilikuwepo, na nilikubali. Dada yako naye yumo kati yao, na mpaka leo anatunza ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Jumamosi nakuja. Nitapita kaburini nikuage vizuri, maana siku ya maziko sikuweza. Kisha, nakuahidi, nitakwenda kwa Shangazi nimwambie kwa mdomo wangu, kabla hajasikia kwenye mkutano wa kijiji. Akinifukuza, nitakaa nje mlangoni mpaka aniite.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Eliza