Ruth wa Kitabu cha Tano

Jumatano, 5 Februari

Uji umetoka saa nne kamili. Maharagwe ya mchana yako motoni. Nikapata nafasi yangu: kiti nyuma ya jiko la shule, kando ya kuni, kitabu mapajani. Kimefunikwa kwa karatasi ya kaki kama daftari la mtoto. Walimu wanadhani ni neno la Mungu. Sijawahi kuwaambia ni hivyo. Sijawahi kuwaambia sivyo.

Ni riwaya, na nimemaliza cha tano. Nimelia mpaka aproni ikalowa. Ruth, fundi wa lifti, ameshushwa hadi ile ghorofa isiyo na namba. Milango imefungwa. Mkono wake wa kulia umegeuka jiwe mpaka kiwiko. Na aliyemuuza kwa wale viumbe wa chini ni Daniel, yule aliyembebea vifaa tangu kitabu cha kwanza. Nilimpenda huyo Daniel. Nina hasira kana kwamba ameniuza mimi.

Nani ataelewa? Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, darasa la nane, mpishi, anamlilia mtu wa kitabu. Lakini hivi vitabu ndivyo vimenifundisha kusoma kweli kweli. Cha kwanza kilinichukua miezi saba na kamusi ya Faith, binti yangu. Hiki cha tano, wiki tatu. Mji wa kawaida, wenye stima na ofisi na foleni ya magari, halafu nyuma ya ukuta kuna wengine wanaoishi. Hapo ndipo ninapoponea mimi. Nikipita kwenye maghorofa yanayojengwa hapa Kitengela naangalia madirisha mara mbili.

Jirani yangu Mama Brayo alinikuta getini macho mekundu. Akauliza nani amekufa. Nikamwambia, "Ni Ruth. Mkono umekufa hadi kiwiko, na mtu aliyemwamini ndiye amemuuza." Nilikuwa bado naeleza, lori la maji likapiga honi. Tukakimbilia mitungi. Nitamweleza vizuri kesho.

Alhamisi, 6 Februari

Sikumweleza. Sasa ona.

Ushirika wa akina mama ulikuwa kwa Mama Nashipae. Ndiye mwenyekiti wetu, mjane, Mmasai wa hapa hapa kabla plot za ardhi hazijauzwa. Mimi hushika daftari la maombi. Mama Brayo akasimama kabla sijafungua ukurasa.

"Kuna msichana anaitwa Ruth, wa kwao Mama Faith. Mkono umekufa. Mwanamume amemuuza. Mama Faith anaficha juu ya aibu, lakini sisi si ni familia?"

Wote wakanigeukia. Nilifungua mdomo. Nikamwona Pasta kichwani mwangu, mwezi jana akifundisha kuhusu hadithi za mapepo zinazoingia nyumbani mlango ukiwa wazi. Nikafunga mdomo. Wakapiga magoti. Mama Nashipae aliomba mpaka sauti ikamkauka. Na mimi nikasema Amina. Halafu nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: Ruth, mkono.

Mwoga. Hilo ndilo neno langu leo.

Jumapili, 9 Februari

Pasta amemtaja Ruth madhabahuni. Kanisa zima mikono juu. Nimeimba nikiangalia viatu vyangu. Nje, mzee nisiyemjua akanishika mkono akaniambia Mungu yuko.

Najua yuko. Hiyo ndiyo shida.

Jumatatu, 10 Februari

Imekuwa mbaya zaidi, na mimi ndiye nimeifanya mbaya. Wameamua kwenda kumwona mgonjwa. Mama Brayo akauliza amelazwa wapi. "Kajiado," nikasema. Sijui lilitoka wapi. Lilikuwa mdomoni tu, likatoka.

Jumamosi basi. Shemeji ya Mama Nashipae anaenda Bisil kuangalia mbuzi zake, atatushusha njiani, Kajiado, na pikapu. Kuanzia Jumatano wanafunga siku tatu.

Sasa si kunyamaza tena. Ni uongo.

Jumanne, 11 Februari

Mama wa vitabu pale stejini, yule anayetandika turubai kando ya viatu vya mitumba, amepata cha sita. Miezi minne namsumbua. "Nimekufichia chini ya zile Biblia," akasema. "Wawili wamekuja kukiuliza." Hakuna wawili. Hapa Kitengela ni mimi peke yangu, na yeye anajua. Nikanunua. Sikusoma hata maneno ya jalada la nyuma. Nimekifunga kwenye leso, nimekiweka juu ya kabati. Sikifungui mpaka niseme ukweli. Nimeapa, na nimeapa nikiwa nimesimama.

Nimemwambia Baba Faith. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akawa mtu wa mashauri. "Sema amepona. Jumapili utoe ushuhuda, watu wafurahi, maneno yaishe."

Nilifikiria hilo muda wa chai kuchemka. Ni rahisi sana. Kisha nikasema hapana. Uongo wa kwanza ulikuwa wangu. Huo mwingine nitakuwa nimemsingizia Mungu kazi ambayo hakufanya.

"Basi sema amekufa."

Nikamwambia watakuja hapa na hema na sufuria za matanga. Akaendelea na ugali wake.

Alhamisi, 13 Februari

Siku ya pili ya mfungo. Mimi pia nafunga. Kupika maharagwe ya shule nzima bila kuonja chumvi ni adhabu ya haki. Leo yalikuwa chumvi tupu. Watoto wamelalamika.

Nimejaribu kusema ukweli mara mbili. Asubuhi kwa Mama Brayo, pale bombani. Midomo imemkauka. "Nikikumbuka ule mkono wa Ruth," akasema, "njaa inaisha yenyewe." Nilishindwa. Nilibeba mtungi wangu nikaenda.

Jioni kwa Mama Nashipae. Nilimsalimu kwa Kimaa, "Takwenya", akaitika "Iko", lakini kwa mbali. Ameacha hata maji. Nikamwambia mama, angalau maji. Akakataa. Kisha akaniuliza, "Mama yake huyo Ruth anampigia simu?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwambie ampigie."

Nilirudi nyumbani. Huyu mama atazimia juu yangu.

Ijumaa, 14 Februari

Kesho. Si kwa simu. Si kupitia kwa Pasta. Mbele yao wote, kabla gari halijaondoka.

Nimeandika maneno kwenye karatasi, mistari mitatu, nikaichana. Ukweli hauhitaji karatasi. Nimeomba. Sikuomba wanisamehe. Nimeomba sauti isitetemeke.

Kesho saa kama hii sijui kama nitakuwa na rafiki Kitengela.

Jumamosi, 15 Februari

Imefanyika.

Saa moja asubuhi pikapu ilikuwa nje kwa Mama Nashipae. Wanawake sita, vitambaa vya Jumapili kichwani. Kibuyu cha maziwa. Blanketi mpya bado iko na karatasi yake. Na chupa ya mafuta ya kondoo ya kuchua mkono. Hayo mafuta ndiyo yalinimaliza. Mtu aliamka akayayeyusha.

Sikupanda. Nilisema nikiwa chini, wao juu. Ruth si mtu. Yuko kwenye kitabu. Nilimlilia, Mama Brayo akaelewa vingine, mimi nikanyamaza kwa aibu. Kajiado nilidanganya. Halafu nikatoa kile cha tano kwenye mkoba, nikararua karatasi ya kaki, wakaona: mwanamke na spana yake mbele ya lifti, nyuma yake macho gizani.

Dereva akazima injini.

"Ngoja," Mama Brayo akasema. "Mimi nimelala njaa siku tatu juu ya mtu wa karatasi?"

"Ndiyo, dada."

"Na mkono?"

"Ni wa kitabuni."

"Mama Faith! Sketi yangu imeniachia kiunoni juu ya huyo msichana!"

Mmoja akacheka, akaziba mdomo haraka. Mwingine, Mama Kevo, hakucheka. Akasema wazi kwamba anayesoma mambo ya gizani ataishia kuleta giza kwa wenzake, na sasa limeletwa. Nilikuwa nimesema langu, hilo lilikuwa lake.

Mama Nashipae alishuka, akachukua blanketi, akaingia ndani, akafunga mlango. Angenitukana ningepata nafuu.

Nimetembea mpaka nyumbani. Niko mwepesi. Niko peke yangu. Kitabu cha sita sina hamu nacho.

Jumapili, 16 Februari

Hakuna aliyeketi nami benchi moja isipokuwa Baba Faith, na yeye hulala wakati wa mahubiri.

Pasta aliniita ofisini. Alikuwa mpole, na hiyo ni mbaya kuliko ukali. Daftari la maombi nimpe Mama Brayo. Nipumzike mpaka atakaponiambia. Ni haki. Nikakubali hapo hapo.

Halafu akataka nimletee vitabu vyote.

Nikasema hapana. Sijawahi kumwambia Pasta hapana. Nikamwambia dhambi yangu ni uongo, na nimeitubu mbele ya watu na dereva. Kusoma siwezi kutubu, nitakuwa nadanganya tena. Ruth anapigana na giza kitabu kizima, haliabudu. Na Daniel mimi nangoja atubu, nimemngoja kama mtu wangu.

"Daniel ni nani?" Pasta akauliza.

Nikamweleza. Nikaanza na lifti ya kwanza iliyokwama. Aliuliza kama huyo Daniel alijua anachosaini alipomuuza Ruth. Aliuliza kama Ruth hana wazazi. Wazee wa kanisa walibisha hodi mara mbili. Mwishowe akakohoa, akapanga Biblia yake iliyokuwa imepangwa, akasema atalifikiria jambo hilo.

Afikirie. Vitabu viko kwangu na vitakaa kwangu. Nimetoa karatasi za kaki nne zilizobaki.

Jumanne, 18 Februari

Mama Nashipae alikuja shuleni saa ya uji kuisha. Hajawahi kuja. Alikaa kwenye kiti changu, mimi nikakaa juu ya gogo. Nikamletea uji. Akanywa wote. Kisha akasema yote kwa mara moja, ninaandika kama nilivyosikia.

"Wewe umedanganya siku kumi. Mimi huu ni mwaka wa tatu."

Sote tunajua binti yake Nashipae yuko Arabuni, anafanya kazi, yuko salama. Hayuko Arabuni. Hajawahi kupanda ndege. Yuko Kajiado, ana saluni. Alikataa mume ambaye ukoo ulimchagulia, wakagombana, na mama akamwambia asirudi. Alisema mara moja tu. Binti akatii.

"Mkisema Ruth, mimi kinywani nasema Ruth, tumboni nasema Nashipae. Uliposema mgonjwa yuko Kajiado, nikajua nimetafutiwa njia. Nimwone mgonjwa wenu, halafu nipitie huko, hata kwa mlango wa nyuma. Nilinunua blanketi mbili."

Nikamwambia nimekosa.

"Sikukasirika juu ya kitabu. Kitabu nini? Nilikuwa na sababu ya kwenda, ukaninyang'anya."

Nimekaa na hilo. Sufuria zilikuwa zinaningoja, wacha zingoje. Mtu amefunga kwa ajili yangu siku tatu bila maji, na mimi nimemrudisha ndani ya mlango wake. Basi si kulia sasa. Nikamwambia, "Jumamosi twende. Sisi wawili. Bila sababu."

Akauliza atamwambia nini.

Nikasema sijui, mama. Lakini nitakuwa nje.

Akaangalia gogo, akaangalia moto. Akasema nimeweka maji mengi kwenye uji. Akaenda.

Ijumaa, 21 Februari

Mama Nashipae amenitumia dereva na ujumbe: saa mbili, nisichelewe.

Jumamosi, 22 Februari

Kajiado saa nne. Jua tayari kali. Saluni iko nyuma ya duka la dawa za mifugo, mlango wake ni pazia la maua. Mama Nashipae alisimama mbele ya lile pazia. Akanyoosha shanga zake. Akazinyoosha tena. Nilimshika kiwiko, sikumsukuma. Akaingia mwenyewe, blanketi kwapani.

Nilisikia mashine ya kukausha nywele ikizimwa. Kisha Kimaa, chini chini, sauti moja tu, ya mama. Sijui Kimaa zaidi ya salamu.

Mteja akatoka, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Akaketi kando yangu kwenye benchi.

Nilikuwa na cha sita mkobani. Nimeruhusiwa sasa, kiapo kimeisha. Nikakifungua. Nikasoma mstari wa kwanza mara tatu, sijui ulisema nini. Nikakifunga.

Ndani sauti ya pili ikaanza.

Yule mteja akaniuliza kama watakawia. Nikamwambia hata mimi sijui, wacha wakae. Akasogea, akanipa upande wenye kivuli.

Tukakaa.