Mgeni wa Kwanza Tangu Uondoke

Mama,

Amani iwe juu yako huko ulikotangulia. Nakuandikia nimekaa barazani kwako, madaftari ya wanafunzi nimeyaweka kando, kwa sababu kuna jambo limetokea na mtu wa kumwambia simuoni. Wewe ndiye ulikuwa mtu huyo.

Mwezi uliopita ile ofisi ya hapa Wete, inayoleta viongozi vijana kutoka nje kuja kujifunza, ilinipigia simu. Wana mgeni, anataka kuona shehia zetu, hii mitaa na masheha wake, zinavyoendeshwa, atakaa na familia wiki moja, na wao wameizoea nyumba yako, "nyumba ya Bi Mize". Nikakubali. Nilikubali kwa heshima yako, si kwa mapenzi. Chumba cha wageni nilikuwa sijakifungua tangu tukuzike.

Unanijua nilivyo. Wewe wageni uliwafurahia wote, hata yule aliyekuvunjia birika. Mie nikimuona mtu katoka mbali na kalamu mkononi, nataka kujua anaandika nini na anamwandikia nani. Nani atavuka nchi zote hizo kuja kusikiliza kikao cha sheha? "Mlishe kwanza, maswali baadae," ungeniambia. Nikamlisha, lakini jicho sikumtoa.

Jina lake Saruul, binti katoka Mongolia, kwao ni naibu mkuu wa wilaya na umri wake haujafika wa mdogo wangu Faki. Chai ya maziwa anaitia chumvi, Mama. Chumvi! Nikasema huyu si bure. Siku ya pili akaanza kuniuliza habari za shamba letu. Ni la nani? Linaishia wapi? Nani anaandika mipaka? Nikamjibu nusunusu, na jioni akauliza tena.

Sasa nikuungamie. Wewe kila mgeni ulimtembeza mwenyewe siku ya kwanza, nyumba kwa nyumba, mpaka shambani, ukimuonesha hapa kwetu, pale kwa Mzee Shaame, ili majirani waijue sura yake na yeye ajue pa kupita. Mie sikumtembeza. Nilijisemea sitaki ajulikane mtaani. Uongo. Tangu tulipokulaza kule shambani, ubavuni mwa Bibi, miguu yangu imekataa kufika. Naanza njia, nikiuona mkarafuu wa mwanzo tu, narudi.

Kwa hiyo siku ile ya kwanza nikamtuma Faki. Nikamwambia mdogo wangu, mtembeze, na umchunge, usimwache peke yake hata kidogo. Akaitikia upesi, yeye ambaye kumtuma dukani ni ugomvi. Ule upesi ungenitosha kujua kitu. Lakini shaka yangu yote nilikuwa nimempa mgeni.

Siku ya nne, Saruul yuko bafuni, nikafungua daftari lake. Ndiyo, Mama. Ndani ya nyumba yako nilipekua vitu vya mgeni. Nikakuta shamba letu limechorwa: njia, kisima, makaburi mawili, na alama tisa zimelizunguka. Alipotoka, kajifunga kanga yako niliyomuazima, nikamwekea daftari mbele. Nani kakutuma?

Hakukasirika. Alikaa chini, akafungua simu, akanionesha picha. Vigingi, Mama. Vimepakwa rangi nyekundu, vimepangwa mstari kulizunguka shamba, na cha mwisho kimepigwa nyuma ya kaburi lako. Akaniambia Faki ndiye aliyemuonesha. Kamwambia ardhi iko tayari, watu wa hoteli wameshapima, na kama huko kwao anamjua mwenye mtaji basi amlete. Kazi ya Saruul kwao ni kusuluhisha migogoro ya ardhi, na akashangaa makaburi yamo ndani ya mstari na hakuna anayeyataja. Ndiyo maana akaniuliza, na nilipomjibu nusunusu akaona na mimi nimo.

Kumbe siku nne tunapakuliana wali huku kila mmoja anamshuku mwenzake.

Alasiri ile ile nilikwenda. Sikumbuki njia niliipitaje. Nilifika, nikakusalimia, nikalia mpaka nikachoka, kisha nikaving'oa, vyote tisa. Mzee Shaame akatokea upande wake, akanitazama, akasema, "Raya, mwanangu, sie twajua mshakubaliana." Hapo ndipo palipouma. Majirani walidhani watoto wako tumekubaliana kukukodisha.

Faki anasema, "Mie n'lipima tu, dada. Sijauza kitu." Anasema hoteli italeta kazi, na kwamba makaburi yatajengewa ukuta mzuri. Labda anaamini hivyo. Nampenda, ni ndugu yangu, na simwamini. Mirathi hatujagawa, Mama! Juzi kaja na karatasi ya kulikodisha shamba, jina langu limeshapigwa chapa, nafasi ya sahihi imewekewa alama ya kalamu. Mtu anayepima tu hatembei na karatasi kama ile.

Saruul alipoondoka nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege, nikamuomba radhi kwa daftari. Alinikumbatia akasema na yeye anaomba radhi. Nilimpa karafuu, akazinusa mpaka wakamwita kupanda.

Ijumaa tunakwenda kwa kadhi, mimi na Faki, na Mzee Shaame kakubali kuwa shahidi wa mipaka. Sijui itakuwaje. Haki yake ya mirathi, yeye mwanamume, ni kubwa kuliko yangu na ana watu nyuma yake, na kila anayenisalimia siku hizi najiuliza yuko upande gani.

Lala, Mama. Mungu akupanulie mahali pako. Nitakuwa nakuja kila alasiri, miguu sasa imekubali. Na ile karatasi iko mezani mbele yangu, pale penye alama pako wazi. Sahihi yangu hawaipati.

Mwanao,
Raya