Lifti ya Baba Ndani ya Mchezo

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kisoda,

Hujambo huko uliko? Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Mguu wa Mama umepoa. Sasa anakwenda dukani mwenyewe na kurudi akilalamika njia nzima, kwa hiyo jua amepona. Cherehani yangu bado inakata nyuzi ovyo, lakini wateja hawajanikimbia.

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza umemkosea nini Baba hata akufungie mlango wa ule mchezo wenu wa kompyuta, wa kujenga kwa matofali. Sikupenda kukujibu kwa simu. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Acha nikueleze yote.

Unakumbuka alivyokuwa mikono ilipoanza kumtetemeka, wakamstaafisha ufundi wa lifti. Alikuwa akikaa kutwa anatazama ukuta. Ulipomwekea mchezo ule na nyongeza yake ya saketi, yaani maboksi na nyaya za umeme wa kuchezea, tulidhani ni mzaha. Kumbe ulimrudishia karakana yake. Alipogundua kwamba kila boksi unaweza kulifungua na kulipa amri yako mwenyewe (umeme ukija kwa waya huu na ule kwa pamoja, pitisha; ukija kwa mmoja tu, zuia), ndipo alipohamia mbele ya kompyuta, hata chakula akala hapo hapo. Mama akawa anamwita bwana harusi wa kioo.

Ile lifti mliyoijenga pamoja aliwaonyesha wote waliofika hapa, hata aliyekuja kusoma mita ya maji. “Mlango haufunguki mpaka chumba kifike,” anasema, na kidole kinatetemeka kwenye kioo. “Wawili wakiita kwa mpigo, kinakwenda kwa aliye karibu.” Sijapata kumwona akijivunia kitu namna ile, nasi watoto wake tukiwemo.

Kisha akaanza kupotea kidogo kidogo. Alimwita Mama kwa jina la dada yake mmoja aliyekwisha fariki, tukacheka. Alitoka kwenda kunyoa, akarudi na nywele zake akiuliza alikuwa ametumwa nini. Hapo hatukucheka tena.

Mwezi uliopita, mchana, nilikuwa napiga pasi gauni la mteja nikamsikia ananiita kwa ile sauti yake ya kazini.

“Nani kaingia humu?”

“Humu wapi, Baba?”

“Kwenye lifti yangu. Tazama. Kuna mtu kavuruga nyaya zote. Boksi hili limeambiwa nini? Kazi hii mimi siijui.”

Nilitazama. Hakuna kilichoguswa. Nikamwambia taratibu kwamba ni mkono wake, na kwamba juzi tu alinieleza boksi lile lile. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayekana kula sukari na huku imemganda mdomoni.

“Wenye ruhusa ya kuingia ni mimi na Kisoda,” akasema. “Mimi sijafanya.”

Akakufungia pale pale. Kisha akaanza kuibomoa. Nilimshika bega, nikamsihi aiache japo hadi kesho.

“Haiachwi, mwanangu. Mtu atapanda, imuue.”

Hakuwa na hasira, Kisoda. Hilo ndilo nataka ulijue. Aliogopa. Aliitoa ghorofa baada ya ghorofa, akianzia juu, kwa utaratibu wa fundi anayejua kitu kinaweza kumwangukia mtu. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake nikitazama hadi pakabaki nyasi tupu. Pasi nayo ikaunguza gauni la watu.

Asubuhi yake akaniuliza, kwa upole kabisa, “Kisoda siku hizi haingii. Nimemkosea nini?” Mwaniuliza swali moja nyote wawili, na mimi nipo katikati.

Daktari amempima. Amesema ubongo unanyauka, na kilichoondoka hakirudi; dawa ni za kupunguza mwendo tu. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akashukuru, kisha akasahau mkoba wake pale pale hospitalini. Tangu siku hiyo hataniani na Baba tena.

Jirani yetu fundi kompyuta anasema nakala ya lifti ipo, inaweza kurudishwa. Nimemwambia aiache. Akiiona ataogopa upya, na ataibomoa upya. Ukitaka uwe nayo wewe huko, nitamwomba akutumie.

Sasa anajenga swichi moja, waya mmoja na taa moja. Ikiwaka anafurahi. Akijaribu kuongeza boksi la pili, analifungua, analitazama, analifunga.

Ruhusa yako nimeirudisha. Ukiingia, usimtajie lifti, wala usimsahihishe. Simama naye tu. Akikuuliza wewe ni nani, usiumie. Mwambie u fundi mwenzake, atakupa kazi.

Na uombe likizo, mdogo wangu. Usisubiri nikupigie simu ya msiba. Mwili wa Baba una nguvu, utakungoja hata miaka. Yeye mwenyewe ndiye siwezi kukuahidi kwamba utamkuta.

Mama anakusalimu sana na anasema ule vizuri. Shangazi naye anakusalimu. Huja kila wiki kumnyoa Baba ndevu, na siku hiyo humwita “kaka” mara nyingi makusudi, ili asisahau. Msalimie shemeji na umbusu mwanao.

Mungu akufunike huko ugenini, na akupe moyo wa kuyapokea haya.

Nakupenda na sichoki,

Dada yako