Rangi ya Mashua Juu ya Gauni la Mama

Mpendwa Bi Fotini,

Nakuandikia maji yakiwa yamenifika shingoni, maana kila nikigeuka nyumbani kwangu naambiwa mjinga, na safu yako ya Jumapili tunaisoma dukani kwa sauti kabla hata ya kuangalia matokeo ya mpira, kwa hiyo nakuomba unipe shauri bila kunitaja jina, hapa kisiwani Siros watu tunajuana.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na minane, nina duka la lukumi, zile peremende laini za unga wa sukari, karibu na bandari, nina mke, Poliksene, na binti anayeolewa baada ya mavuno ya zabibu, na ninaishi na mama yangu, Argiro, ambaye ni mjane tangu nilipokuwa darasa la pili na tangu siku hiyo hajavaa rangi nyingine ila nyeusi, jambo ambalo mimi mwanawe najivunia. Sasa tatizo ni picha. Mama alipokuwa msichana hajaolewa alikuja hapa kijana mchoraji, Minas Karavelis, ameitwa kuchora watakatifu kanisani, akafukuzwa kwa sababu malaika mkuu alitoka na sura ya kinyozi wetu, na kabla hajapanda meli akamchora mama, picha akawaachia kina bibi, akaenda zake Paris asirudi tena, na mimi nikazaliwa miaka miwili baadaye, mama akiwa ameshaolewa na baba. Ndiye huyo Karavelis anayesifiwa leo dunia nzima, ingawa katika picha zake za uzeeni watu wana nyuso za buluu na jicho limehamia shavuni, na nadhani mama ndiye mtu wa mwisho aliyemchora na pua mahali pake.

Baba alipofariki, shangazi yangu Marigo, dada yake baba, alisimama sebuleni akatazama ukutani akasema, "Wifi yangu jikoni kavaa nyeusi, halafu huku juu ya kochi amekaa na gauni jekundu, mabega nje. Watu wa arubaini wakija wataona nini?" Basi akaitwa baba mdogo, fundi wa kupaka rangi mashua, akalipaka lile gauni rangi nyeusi ya mashua kuanzia shingoni mpaka chini, mikono pamoja, na tukakaa kwa amani miaka yote hii, na sikukuu ya mtakatifu mwenye jina la mama ikifika wageni wanakaa chini ya picha, wanakula matunda ya sukari kwa kijiko, wanasema, "Huyo ndiye mwanamke wa heshima."

Sasa jumba moja la sanaa la Athene linaandaa maonyesho ya Karavelis, likamtuma binti fundi wa kusafisha picha, akaisogelea, akaipangusa pembeni kwa pamba na dawa, akasema rangi ya mashua inatoka na ya chini ni salama, wataisafisha, wataionyesha, watairudisha. Nikasema hapana. Akaniuliza, "Samahani bwana, picha ni ya nani?" Nikamwambia ya mama, lakini msemaji ni mimi.

Mama alikuwa mezani anamenya maharage. Akasema, "Waache wakwangue." Nikamwambia, "Mama, watu watakuona." Akasema, "Na mimi nitaona." Hapo nikajua uzee umeanza kumchezea, kwa sababu daktari ameshatuambia jicho moja limekwisha na la pili halifiki mwakani, sasa ataona nini? Nikamleta padri. Padri akamaliza bakuli la cheri za sukari za mama akasema jambo hili ni zito, tumsubiri askofu. Tangu hapo mama kila asubuhi anavuta kiti mpaka chini ya picha, anapandisha miwani, anaitazama ile nyeusi, na mke wangu amehamia chumbani kwake, ananiambia, "Wewe linda heshima, mimi nalala na mama yako."

Kisha shangazi akaja na koti lake la zambarau (naye ni mjane, lakini daktari alimkataza nyeusi kwa ajili ya presha), akanivuta pembeni tukinywa kahawa akaniambia, "Usikubali, mwanangu. Hujui chini pana nini. Ule mkono ulikuwa umeshika kitu." Bi Fotini, tangu siku hiyo najitazama pua kwenye kioo. Na wakwe wanakuja kuiona nyumba, na Athene wanataka jibu wiki hii. Nifanye nini ili mama yangu asiaibike?

Mtoto wa Mama, Siros

*

Mtoto wa Mama,

Nimeitafuta aibu ya mama yako katika barua yako yote, sijaiona. Ya kwako nimeiona bila miwani.

Tuanze na pua, maana nahisi inakuuma kuliko gauni. Umeandika kwa mkono wako kwamba mchoraji alipanda meli asirudi, nawe ukazaliwa miaka miwili baadaye. Mimba ya binadamu ni miezi tisa, hata huko Siros. Pua ni ya marehemu baba yako, iache ipumue. Na mkono ukikutwa umeshika ua, basi alishika ua. Ukikutwa umeshika kipande cha jibini, alikuwa na njaa. Alikuwa msichana, hajaolewa, hakuwa na deni la maelezo kwako wewe ambaye ulikuwa hujazaliwa.

Huyo shangazi yako namjua, maana kila kisiwa kina wake. Wifi alipofiwa, hata picha ukutani haikusalimika. Alipofiwa yeye, presha ikapanda na koti la zambarau likashuka kutoka kabatini. Simlaumu kwa koti, nimpe hongera. Namlaumu kwa kopo la rangi. Nanyi wanaume msicheke. Angekufa mama yako akabaki baba, angefunga kitambaa cheusi mkononi mpaka arubaini, kisha huyo huyo Marigo angezunguka kisiwa kizima kumtafutia mke.

Pole nakupa, na naitoa kwa moyo. Ulikuwa mtoto wa darasa la pili, baba ameondoka, ukashika kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa nguo nyeusi ya mama. Mtoto hufanya hivyo. Lakini wewe sasa unaoza binti, na bado umeng'ang'ania pindo la ile nguo, tena unaliita heshima. Heshima gani hiyo ambayo mwenyewe hakuulizwa?

Na hata alipoulizwa, alijibu. Hilo ndilo lililoniwasha. Mama amekwambia "waache wakwangue", maneno mawili, hayana fumbo. Amekwambia "na mimi nitaona". Ukamwitia padri. Mtu mwenye akili timamu kuliko wote katika barua yako ametoa jibu, na jibu limewekwa foleni kumsubiri askofu, wakati jicho halimsubiri mtu. Wewe unaniuliza ataona nini? Ataona msichana mwenye gauni jekundu, bwana wewe. Amekaa naye ukuta mmoja nusu karne bila kuruhusiwa kumtazama, na kila asubuhi anavuta kiti kumtafuta chini ya rangi ya mashua. Mkeo ameelewa, ndiyo maana amehama kitanda.

Sasa sikiliza. Kesho, kabla ya kufungua duka, piga simu Athene, kisha mpe mama simu aseme mwenyewe. Wewe toka nje ukafagie baraza. Waambie wasianze na mipango ya maonyesho, waanze na kusafisha, tena haraka, na mama yako awepo hapo hapo wanapofanyia kazi, kiti karibu, taa kali, si siku ya ufunguzi ambapo mawaziri watasimama mbele yake na hotuba. Atafuatana na Poliksene. Wewe kama utakwenda, kazi yako ni kubeba mkoba. Shangazi abaki, safari ndefu ni mbaya kwa presha. Padri mpelekee cheri nyingine, mwambie swali limejibiwa.

Wakwe wakija, waketishe pale pale juu ya kochi, uwape kijiko na kisahani, uwaambie: huyu ni mama yangu. Wakiuvunja uchumba kwa sababu ya mabega ya bibi, mshukuru Mungu, binti yako ameponea mlangoni.

Akirudi kutoka Athene akitaka kupelekwa duka la vitambaa, mpeleke, na usimchagulie rangi. Akiendelea na nyeusi, muache pia, ni yake.

Baba yako umemwombolezea vya kutosha, na alistahili. Lakini siku ile kanisani palikuwa na jeneza moja tu, na mama yako hakuwamo ndani yake.

Fotini