Mkono wa Mama Keki

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti lako linaendeleaje? Uliniambia baridi inalichokoza. Mimi kila nikipiga magoti kuomba, nalitaja na lako, angalau magoti yasaidiane. Mimi ni mzima, namshukuru Mwenyezi Mungu, ila nina jambo.

Hoteli ninakopamba keki imepata wenyewe wapya. Kitu cha kwanza walichotuletea ni mwalimu wa Kiingereza. Wanataka kila mfanyakazi ajue kueleza anaweza nini, maana mwisho wa mwezi kuna ukaguzi: unasimama mbele yao, unasema, kisha unatenda. Atakayeshindwa atafute pengine.

Basi tunakaa kwenye chumba cha kukunjia mashuka, watu wazima na miwani zetu puani. Mwalimu ni binti mdogo, anatuita mama na baba hata anapotukosoa. Alituambia "able" ni yule anayeweza tu, na "skilled" ni aliyejifunza mpaka mkono ukazoea. Alipofika kwenye "expert", yaani bingwa, muosha vyombo wetu tunayemwita Bwana Povu akapaza sauti kwamba hapo aandikwe yeye, haijazaliwa sufuria ya kumshinda. Tulicheka mpaka mwalimu akakaa chini.

Lakini lililonikaa moyoni ni "gifted", aliyejaliwa. Nikasema hili ndilo langu, maana kuandika majina ya watu kwa krimu sikufundishwa na mtu, Mungu alinipa tu. Mwalimu akanisifu kwamba nayatamka maneno yote vizuri kuliko darasa zima. Nikamuuliza, na aliyepewa kisha akanyang'anywa anaitwaje? Akatabasamu, akasema, Mama Keki, hilo halimo kwenye somo letu. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Dada, sikuwa natania.

Wiki iliyopita nilipewa keki ya harusi. Niliposhika mfuko wa krimu, mkono wa kulia ukaanza kucheza wenyewe. Niliukaza, nikauombea, nikaushika kwa wa kushoto, wapi! Majina ya maharusi yakatoka yamejikunjakunja kama yameandikwa juu ya maji. Nikabaki nimesimama nikingoja kufokewa. Mpishi mkuu akaja, akaizunguka ile keki, akasema, Mama Keki, kumbe ulikuwa unatuficha mtindo mpya! Bibi harusi naye akaipiga picha kabla hata ya kumpiga mumewe. Nikashukuru kana kwamba nilikusudia.

Sasa wenye hoteli wamesimuliwa, na kwenye ukaguzi nimepangwa wa kwanza. Niseme mimi ni "gifted", kisha niandike jina la hoteli kwa mawimbi yale yale. Mawimbi yale sikuyafanya mimi, dada. Kuna siku mkono unatulia kabisa, hata nikiutaka ucheze hauchezi. Siku nyingine kikombe cha chai kinanishinda. Nikitaka mstari ulionyooka sipati, nikitaka uliopinda pia sipati. Maneno yote ninayo mdomoni, mkono haupo.

Hata mume wangu sijamwambia. Anadhani chai nusu kikombe ni ubahili umeniingia uzeeni.

Nakuambia wewe kwa sababu ni wewe uliyemlisha baba kwa kijiko mpaka siku yake ya mwisho. Mimi nilikuwa mbali, nilikuja kumkuta mikono yote miwili imeshakwenda. Lakini naikumbuka ile namna yake, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu aliyeshika chembe ya mchanga. Jana niliketi kanisani, nikatazama mapajani, nikauona mkono wa baba. Ulikuwa wangu.

Nimeomba, na naendelea kuomba. Zaidi ya hapo sijui la kufanya.

Msalimie shemeji, na wanao uwabusu kwa niaba yangu. Hili libaki kati yetu. Tafadhali nijibu upesi, uniambie kwa baba kulianzaje, na kama kulianzia mkono wa kulia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba