Barua Iliyolala Kanisani

Kanisa la Neema, Kimumu,
S.L.P. 417,
Eldoret.

16 Oktoba 1984

Mpendwa Shangazi Leonida,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko vumbi la huko Garissa. U hali gani? Je, ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa umepata nafuu? Sisi hapa hatujambo. Mama alikuwa na homa wiki jana lakini sasa ameamka. Joash anazidi kurefuka. Anakunywa maziwa ya shule, kisha anakuja nyumbani kunitania kwamba mimi niliyemaliza kidato cha nne sipewi hata pakiti moja.

Mvua ilitukataa mwaka huu. Mahindi ambayo yangefika begani yaliishia magotini, na sasa tunakula unga wa manjano. Baba anasema ugali huu una rangi ya harusi na ladha ya matanga. Tunacheka, tunakula.

Shangazi, tangu Agosti niko peke yangu sana. Rafiki yangu Priscah amekwenda kusomea uuguzi. Tulikaa dawati moja miaka minne, na nilipoogopa kuinua mkono darasani, yeye ndiye aliyekuwa akiniulizia swali langu. Sasa Baba akienda zamu kiwandani, Joash shuleni na Mama sokoni, ninabaki na saa ya ukutani. Nafagia ua mara mbili kwa siku. Kuna siku nilijikuta nikisema "sufuria" kwa sauti, ili tu nisikie mtu akizungumza ndani ya nyumba.

Najua Baba alikuandikia kwamba nilikosa usaili wa chuo cha ualimu kwa sababu barua ilichelewa. Hakukudanganya, maana hivyo ndivyo nilivyomwambia. Lakini sivyo ilivyokuwa, na nimeona nikueleze wewe mwenyewe.

Unakumbuka kwamba barua zetu sote hapa Kimumu huja kwa sanduku la kanisa. Jumapili, baada ya matangazo, karani wetu, Mzee Bethwel Kipyego, husimama mbele na kusoma majina, na ukiitwa unatoka kwenda kuchukua. Bahasha ikiwa ya kaki, ile ndefu ya serikali, akina mama hupiga vigelegele hata kabla haijafunguliwa.

Mwisho wa Agosti nilikwenda kanisani peke yangu, kwa kuwa Mama alikuwa amebaki na Joash aliyeumwa na tumbo. Mzee Kipyego akainua bahasha ya kaki, akaita, "Angeline Nasambu!" Kanisa lilijaa. Niliwaza kutembea njia ile yote ya katikati, vigelegele vikipigwa, watu wakigeuka kunitazama. Miguu ikakataa. Akaita mara ya pili. Nikainamisha kichwa na kufumba macho kama mtu anayeomba. Nilijiambia nitaichukua watu wakishatawanyika. Waliosikia jina langu walidhani nimebaki nyumbani na Mama.

Nilipotoka, alikuwa amekwisha kufunga barua kabatini na kupanda lori la wazee waliokwenda kuzika Burnt Forest. Kutoka huko akapita shambani kwake Cheptiret, akakuta ng'ombe wake ni mgonjwa, akakaa wiki mbili. Mchungaji alikuwa na ufunguo wa pili. Nilifika hadi mlangoni pake, nikasikia sauti za wageni ndani, nikarudi nyumbani. Mzee Kipyego aliporudi na kunipa barua, usaili ulikuwa umefanyika Alhamisi iliyotangulia.

Sasa sikiliza kilichofuata. Wakati wa ushuhuda Mama alisimama akasema, "Adui alificha barua ya mtoto wangu, lakini Mungu wa kibali hajalala." Mama mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Adui gani huyo mwenye ufunguo wa kabati?" Watu wakacheka. Mzee Kipyego hakucheka. Baada ya ibada alimjia Baba, kofia mkononi, akasema, "Johnstone, nisamehe. Ng'ombe alinishika." Baba akamwambia yamepita. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nikitazama viatu vyangu. Jumapili iliyofuata wazee wakampa mtu mwingine kazi ya barua. Alikuwa ameifanya miaka kumi na mmoja.

Kila jioni Mama huniambia Mungu ana makusudi yake, nisivunjike moyo. Husema hivyo kwa upendo, na kila mara neno hilo huniuma. Nilitaka kumuuliza kama makusudi ya Mungu yanaweza kuanza katika uoga wa mtu na uongo wake. Lakini kumuuliza ingekuwa kukiri. Basi nikawa naitikia "Amina" na kuosha vyombo.

Jumamosi hii nilimkuta Mzee Kipyego akipigilia misumari kwenye uzio wa kanisa. Nilisimama karibu naye mpaka akaniuliza kama nimetumwa misumari. Nikasema, "Mzee, siku ile nilikuwepo."

"Najua, mama," akasema. "Nilikuona."

Akaendelea kupigilia. "Ulikuwa umeinama. Nikasema, huyu anaongea na Mungu, wacha serikali ingoje."

Nikamwambia sikuwa naomba. Nikamweleza yote, mpaka mlango wa mchungaji. Alikuwa ameweka misumari miwili mdomoni. Kisha akaitoa, akasema, "Basi tumekosa wawili. Wewe hukuomba, na mimi sikukuuliza baadaye." Nililia, Shangazi. Akanipa nyundo nishike ili apanguse jasho, au labda alitaka mikono yangu iwe na kazi. Akasema amenisamehe, lakini Baba yangu bado anaamini kosa lote ni la mtu mmoja, na hilo yeye hawezi kuliondoa.

Jana nilikwenda ofisi ya elimu mjini. Nilizunguka jengo mara tatu kabla ya kuingia. Mama wa mapokezi alisema orodha imefungwa, ila kuna walioitwa ambao hawakuripoti chuoni, na huenda wengine wakaitwa. Niandike barua ya kueleza kwa nini sikufika, na mzazi aitie sahihi. Hakuahidi kitu.

Barua hiyo nimeiandika asubuhi hii. Mara ya kwanza niliandika kwamba posta ilichelewa. Nikaichana. Ya pili inasema kwamba niliitwa na sikusimama kwa sababu ya haya, na kwamba karani wa kanisa hana hatia. Iko mezani mbele yangu, chini ya kikombe, inangoja sahihi ya Baba.

Sijui kama Mungu atanipa chuo. Zamani nilidhani kibali chake ni watu kukuona bila wewe kusema neno. Sasa naona alinipa kwanza mzee mmoja wa kunisikiliza, kabla hajanipa mahali pa kwenda. Kama mlango huu umefungwa kabisa, naamini anajua nitakapopita. Lakini nataka nipite bila Mzee Kipyego kubeba mzigo wangu.

Niombee, Shangazi. Usiombe kwanza juu ya chuo. Omba Baba asome hadi mwisho kabla hajaniita jina langu.

Nisalimie Mjomba Stephen na watoto wote. Mama anakusalimu sana na anauliza kama leso ilifika. Mungu aliyekulinda katika joto hilo miaka yote akulinde hata utakaporudi kwetu.

Nasikia baiskeli ya Baba langoni. Naacha kuandika.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote,
Angeline Nasambu