Ng'ombe Kwenye Uwanja wa Ndege

Mpanda,
Aprili, 1998

Kaka yangu Ezekia,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto mnaendelea vizuri huko Mwanza. Huku sisi tunajikongoja. Uvimbe wa Mama shingoni umeongezeka, sasa kinachopita ni uji tu.

Najua ulisimama uwanjani Alhamisi mpaka abiria wa mwisho akatoka, na Mama hukumwona. Usidhani tulipuuza. Mvua imesomba reli, barabara ni tope tupu, tumaini letu la kumfikisha hospitali huko kwenu lilikuwa ndege. Na hiyo ndege, kaka, inanitia kichefuchefu! Ni moja tu, inazungushwa Tabora, Mpanda, Kigoma, ndipo ije kwenu. Ikichelewa popote, tunaorukwa ni sisi. Karani wa shirika la ndege hapa, Stanslaus, alinieleza bila haya kwamba Mpanda abiria ni wachache na mafuta ya ndege hakuna, kwa hiyo rubani akishindwa kutua hangoji, anaendelea na safari. Mara mbili tumemvalisha Mama kitenge chake kizuri, mara mbili tumemrudisha nyumbani Kashaulili analia. Kwao sisi ni makombo.

Alhamisi hiyo ndege ilikuja kweli. Mama alipoisikia akasimama mwenyewe, bila kushikwa. Lakini uwanja ulikuwa umejaa ng'ombe! Siku ya ndege kila mfugaji huondoa mifugo yake mapema, hata watoto wanajua. Ndege ikazunguka juu yetu, ikazunguka tena, ikaelekea Kigoma. Nilimporomoshea Stanslaus matusi mbele za watu. Akaniambia taratibu nikaangalie alama za masikioni.

Nilikwenda. Ni ng'ombe wetu, kaka.

Baba hakukana. Alisema aliwaingiza mwenyewe, kwa sababu Mama akishafika kwako hatarudi, na yeye hawezi kuzeeka peke yake kama fisi. Kisha akaendelea kunywa maziwa yake. Nilitoka nje nikatema mate. Ile hasira yote ya ndege imemhamia yeye, na naona aibu kuandika hivi juu ya mzazi. Mama alinikataza nisikwambie. Anasema ameshamsamehe. Mimi bado.

Alhamisi ijayo ndege inatarajiwa tena. Stanslaus amewaomba wenzake wa Tabora kwa redio wasituruke. Mama atakuwa amevaa, nami nitakuwa katikati ya uwanja na fimbo ya Baba mwenyewe mkononi. Wewe nenda ukampokee.

Nisalimie wifi sana, na watoto waambie bibi yao anakuja.

Ni mimi mdogo wako,
Kabula